Kilemba na Kofia: Kima Wawili wa Mto Tana na Mkeka wa Nyumbani Kwetu

Hapana nyumba ya watu wa pwani ambayo haijapata kutandikwa mkeka. Tumelishwa juu yake, tumefundishwa alifu na be juu yake, na kabla ya mazulia ya kiwandani kuenea, msala wa ukindu ndio uliokuwa ukiangikwa ukutani kungojea wakati wa sala. Harusini hutandikwa mkeka, matangani hutandikwa mkeka. Akina mama wanaosoma jarida hili waijua kazi iliyomo: kuchuma jani changa lingali limefumba, kulianika, kulichana chane, kulitia rangi, kusuka ukili, kisha kuushona ukili kwa ukili hata mkeka ukatimia.

Lakini ni wachache miongoni mwetu waliopata kuuliza mkindu wenyewe wamea wapi, na ni nani mwingine anayeutegemea. Juma hili twawachukua wasomaji wetu hadi kwenye kingo za Mto Tana, katika kaunti ya jirani zetu, ambako mkindu huo huo ndio chakula cha kima mmoja asiyepatikana popote pengine duniani. Katika miti iliyo juu ya mkindu anaishi kima wa pili, naye pia hapatikani pengine. Wote wawili wamo katika orodha ya wanyama walio katika hatari kubwa kabisa ya kutoweka. Habari yao yatugusa sisi zaidi ya tunavyodhani, nasi tumeona si vyema watoto wetu wakaja kuisoma vitabuni kama habari ya waliopita.

Msitu uliozaliwa na mto

Tana ndio mto mrefu kuliko yote nchini Kenya. Huanzia katika milima ya Aberdare na Mlima Kenya, ukasafiri takriban kilomita 1,000, ukamwaga maji yake katika Bahari ya Hindi huko Kipini. Katika sehemu zake za chini mto huu hupita katika nchi kavu. Mvua ya huko ni haba, yapata milimita 400 hadi 500 kwa mwaka, na mvua kiasi hicho haiwezi kuotesha msitu mkubwa. Mwenye kutazama kutoka mbali huona vichaka vya miiba na vumbi, kisha ghafla huona utepe wa kijani kibichi uliofuata mikunjo ya mto.

Utepe huo ndio msitu wa Tana. Hauishi kwa mvua bali kwa mto. Maji hupenya chini ya ardhi kutoka kwenye ukingo, mizizi ikayafikia. Na nyakati za mafuriko, ambayo tangu zamani yalikuja mara mbili kwa mwaka, wakati wa masika na wakati wa vuli, mto hufurika ukaacha tope lenye rutuba. Mbegu huota juu ya tope hilo. Ndiyo maana msitu ni mwembamba, na kadiri mtu anavyouacha mto ndivyo miti inavyopungua hata ikakoma. Tena hauko mfululizo: ni vipande vipande, vingine vikubwa, vingine vidogo kama shamba la mtu mmoja, na baina yake pana mashamba, malisho na vichaka.

Katika vipande hivyo, kwenye sehemu ya mto yenye urefu wa takriban kilomita 60 tu, ndimo wanamoishi mbega mwekundu wa Mto Tana na mangabi wa Mto Tana.

Mwenye kilemba na mwenye kofia

Mtaalamu wa wanyama wa Kijerumani, Wilhelm Peters, aliwaeleza kima hawa wawili kwa mara ya kwanza katika maandishi ya kisayansi mwaka 1879. Majina ya Kilatini aliyowapa yatachekesha watoto wetu. Wa kwanza alimwita rufomitratus, maana yake mwenye kilemba chekundu. Wa pili alimwita galeritus, maana yake aliyevaa kofia. Kwa hiyo tunao, katika msitu mmoja, mwenye kilemba na mwenye kofia, kama waungwana wawili wanaokwenda kusali Idi.

Mwenye kilemba, yaani mbega mwekundu, ana nywele nyekundu za kahawia utosini, mgongo wa kijivu na mkia mrefu. Kama mbega wote, mikono yake haina kidole gumba isipokuwa kibonge kidogo; hata jina la jamii yao katika lugha za sayansi latokana na neno la Kigiriki lenye maana ya aliyekatwa. Kasoro hiyo haimpunguzii kitu, kwani vidole vyake vinne humshikia tawi kama ndoana naye akaruka mti kwa mti kwa wepesi. Maisha yake karibu yote yako juu ya miti.

Chakula chake ni majani machanga, machipukizi, maua na matunda mabichi. Tumbo lake limegawanyika vyumba vyumba, nalo lafanya kazi inayokaribia ya tumbo la ng'ombe au mbuzi: ndani yake wamo vijidudu wanaoyachachusha majani hata yakawa riziki. Tumbo la namna hiyo halipatani na vitamu. Matunda mabivu, mkate na biskuti huweza kulivuruga likamwua mwenyewe. Hii ndiyo sababu mojawapo ya mbega wekundu kushindwa kustahimili kufugwa, na leo mtu hawezi kwenda katika bustani ya wanyama ya nchi yoyote akakuta akiba yao imewekwa. Aliyebaki msituni ndiye aliyebaki.

Mwenye kofia, mangabi, ni mtu wa ardhini. Rangi yake ni ya udongo wenye manjano, nywele za utosini zimegawanyika zikasimama kama kofia iliyovaliwa kwa haraka, na kope zake ni nyeupe. Anapozifumba na kuzifumbua, wenzake huona ishara kutoka mbali. Alfajiri dume hutoa mlio mkubwa unaosikika zaidi ya kilomita moja, kuwajulisha wa vikundi vingine alipo. Huyu hula vitu vingi: matunda, mbegu ngumu, wadudu na uyoga. Mashavuni ana vifuko ambamo hutia chakula kwa haraka, akaenda kukitafuna mahali pa salama. Kwa kuwa miguu yake imezoea ardhi, anaweza kuvuka uwazi baina ya kipande kimoja cha msitu na kingine. Mwenzake mwenye kilemba huogopa safari hiyo, na pakiwa hapana miti ya kupitia, kipande alichomo humwia kama kisiwa.

Jike wa mbega huzaa mtoto mmoja tu kwa mara moja, na baina ya mtoto na mtoto huweza kupita miaka miwili au zaidi. Aila ya namna hiyo ikipata msiba haipati upesi wa kujaza pengo.

Mkindu wa nani?

Sasa turudi kwenye mkindu. Mtende huu wa porini humea kwa vishada, mashina mengi kutoka tungu moja, mahali palipo na maji. Huzaa matunda madogo ya rangi ya machungwa kwa maelfu, na tafiti zilizofanywa Tana tangu miaka ya 1970, zikianzwa na mtaalamu Katherine Homewood na kuendelezwa na Margaret Kinnaird na wengine, zimeonyesha kwamba mangabi hutegemea sana matunda na mbegu za mkindu, pamoja na matunda ya mkuyu. Msimu miti mingine inapokuwa mikavu, mkindu ndio ghala.

Binadamu naye anao huo huo. Mwaka 1992 Kinnaird alichapisha utafiti wake kuhusu namna watu na kima wanavyoushindania mkindu wa Tana. Majani machanga huchumwa kwa mikeka na vikapu. Mashina hukatwa kwa kujengea. Na wako wanaougema mkindu kwa ajili ya tembo.

Haya matatu hayalingani kwa athari, na ni vyema akina mama wayatenganishe. Anayechuma jani moja changa katika shina, akaliacha shina lipumzike, hakuliua; mwakani litatoa jingine. Anayechuma kila jani linalochomoza hulinyima shina nguvu, na shina lililodhoofika halizai matunda ya kutosha. Anayekata ncha ya shina kwa ajili ya kugema amelikata mahali pekee linapokulia, na shina la mtende likipoteza ncha yake halichipui tena. Waliobaki ni mashina ya pembeni ya kishada, nayo yakifikiwa na panga, kishada chote hunyamaza.

Hatusemi kwamba kila ukindu unaouzwa Mombasa, Malindi au Lamu umetoka Tana. Mikindu iko mahali pengi, na mikeka mingi ya kwetu husukwa kwa miyaa ya mkoma. Twasema tu kwamba mkono wetu umo. Tunapozungumza habari za wanaomaliza msitu, ni rahisi kumwelekezea kidole Mpokomo anayefyeka shamba la ndizi au Muorma anayelisha ng'ombe. Kidole hicho kabla hakijanyooka kitakuwa kimepita sebuleni mwetu.

Taa zetu na maji yao

Na si sebuleni tu kwenye mkeka. Kitazame pia kilichoko darini. Juu kabisa ya mto, mamia ya kilomita kutoka kwa mbega, taifa lilijenga mabwawa ya umeme moja baada ya jingine: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu 1974, Gitaru 1978, Masinga 1981 na Kiambere 1988. Kwa miongo mingi mabwawa hayo yalikuwa nguzo ya umeme wa Kenya. Taa zilizotuangazia tukisoma usiku na pasi zilizonyoosha kanzu na sare za shule zilitegemea maji ya Tana.

Bwawa huhifadhi maji ya wakati wa wingi yatumike wakati wa uhaba. Kwa mwenye mtambo hiyo ni neema. Kwa msitu wa chini ni jambo jingine, kwani msitu huo ulizoea mto wenye hasira mara mbili kwa mwaka na mpole katikati. Bwawa huondoa hasira na upole, likaacha mto wa hali moja. Mafuriko ya kawaida yakapungua, tope nalo likabaki nyuma ya kuta za zege. Miti mikubwa iliyokwisha kuzamisha mizizi huendelea kusimama, na mpita njia akaona msitu ungali mzima. Lakini miche ya kuwarithi wazee hao haioti kama zamani. Msitu wa namna hiyo huzeeka bila watoto.

Hasara hiyo haikuwa ya kima peke yao. Mpokomo tangu kale hupanda mpunga, ndizi na miembe kwa kufuata maji yanapofurika na yanapopwa. Muorma huleta mifugo kwenye nyasi za delta nyakati za kiangazi kwa sababu mafuriko yamezilisha nyasi hizo. Mvuvi huvua katika maziwa madogo yanayojazwa na mto. Mafuriko ya wastani ndiyo yaliyokuwa mshahara wao wote. Yanapokosekana, mkulima husogea kwenye ardhi iliyo karibu zaidi na maji, na ardhi hiyo ndiyo yenye msitu. Mfugaji naye husogea hapo hapo. Mwaka 2012 na mwanzoni mwa 2013 watu zaidi ya 100 walipoteza maisha katika machafuko ya delta ya Tana. Sababu za msiba ule zilikuwa nyingi, na siasa ilikuwamo, lakini ugomvi wa ardhi na maji ulikuwa katikati yake. Anayedhani kuulinda msitu wa Tana ni anasa ya wapenda wanyama na alikumbuke hilo.

Mabwawa hayakuzuia kila gharika. Mvua za El Niño za 1997 zilileta maji yaliyobomoa hata miundombinu ya mradi mkubwa wa mpunga uliokuwa umejengwa deltani, mradi ambao wenyewe ulikuwa umechukua sehemu ya ardhi yenye msitu. Miaka ya karibuni nayo tumeshuhudia aila zikihama nyumba kwa mafuriko makubwa. Kwa hiyo watu wa Tana wamepata mabaya ya pande mbili: mafuriko ya kila mwaka yenye baraka yamepungua, na gharika za ghafla zenye kubomoa zingali zikija.

Hifadhi iliyowasahau wenyewe

Serikali haikukaa kimya. Mwaka 1976 ilitangazwa hifadhi maalumu ya kima wa Tana, yenye ukubwa wa takriban kilomita za mraba 170, pande zote mbili za mto. Nia ilikuwa njema. Lakini ndani ya mipaka hiyo walikuwamo watu waliozaliwa hapo, wenye makaburi ya wazee wao hapo, na miembe waliyoipanda babu zao. Msitu ambao walikuwa wakiuingia kuchuma dawa, kuchonga mitumbwi na kukata miti ya kujengea sasa ulikuwa na mwenyewe mwingine.

Mwaka 1996 ulianza mradi mkubwa wa fedha za kimataifa kupitia Benki ya Dunia. Sehemu ya mpango wake ilikuwa kuwahamisha kwa hiari wakaazi waliokuwa ndani ya hifadhi. Baadhi ya aila zilikubali, wengi walikataa, na jambo lenyewe likawa chanzo cha uchungu mrefu. Hatimaye wakaazi walikwenda mahakamani, na Januari mwaka 2007 Mahakama Kuu ya Kenya ikaamua kwamba hifadhi ile haikuwa imeanzishwa kwa kufuata sheria ipasavyo.

Wapenzi wa wanyama wengi waliipokea hukumu hiyo kama msiba. Sisi twaiona kwa macho mawili. Ni kweli kwamba mbega na mangabi walipoteza ngao ya sheria wakati walipoihitaji mno. Ni kweli vilevile kwamba ngao ile ilikuwa imeinuliwa juu ya vichwa vya watu bila ya kuwauliza, na kitu kilichojengwa hivyo hakidumu. Mtu aliyeambiwa kwa miaka thelathini kwamba kima wana haki ya kukaa na yeye hana, atawapendaje kima?

Yaliyofuata ndiyo yanayotupa matumaini. Sehemu ya jamii za hapo zilianzisha hifadhi yao wenyewe, Hifadhi ya Jamii ya Ndera, ambamo wenyeji ndio wanaokaa barazani kuamua nini kikatwe na nini kiachwe, na vijana wao ndio wanaozunguka msituni. Mtaalamu wa Kenya, David Mbora, ambaye amewachunguza mbega wekundu wa Tana kwa miaka mingi, amekuwa miongoni mwa waliofanya kazi bega kwa bega na wenyeji hao. Utafiti wake na wenzake ulionyesha jambo la kutisha kuhusu vipande vidogo vya misitu: mbega wanaposongamana humo kwa kukosa pa kwenda, minyoo ya tumboni huongezeka. Hata kipande kikisimama, waliomo ndani huweza kudhoofika polepole.

Idadi yao

Sensa ya mwaka 1994 ilikadiria mbega wekundu kuwa baina ya 1,100 na 1,300, na mangabi baina ya 1,000 na 1,200. Tangu hapo msitu umeendelea kupungua, na wataalamu wanaamini kwamba mbega wekundu sasa hawafiki 1,000. Msomaji na ajaribu kuiona idadi hiyo kwa jicho: msikiti mmoja mkubwa wa mjini, siku ya Ijumaa, huweza kukusanya watu zaidi ya mbega wote wekundu wa Mto Tana waliobaki chini ya jua.

Na wasidhani wasomaji kwamba kutoweka ni maneno ya kutia hofu tu. Huko Afrika Magharibi, katika misitu ya Ghana na Kodivaa, alikuwako ndugu wa mbega huyu, aliyejulikana kwa jina la mbega mwekundu wa Miss Waldron. Hakuna mtaalamu aliyemwona akiwa hai tangu mwaka 1978. Wamemtafuta kwa miaka mingi bila ya kumpata.

Karibu nasi pana habari za kinyume. Unguja kuna mbega mwekundu mwingine, ambaye wenyeji humwita kima punju, naye pia hapatikani nje ya visiwa vile. Msitu wa Jozani ulipogeuzwa kuwa sehemu ya hifadhi ya taifa mwaka 2004, watu wa vijiji vya jirani walikuwa wamekwisha kuhusishwa katika mapato ya wageni wanaokuja kuwatazama kima. Barabara iliyokuwa ikiwaua ilijengwa matuta ya kupunguza kasi. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2017 ilikuta kima punju zaidi ya 5,800, mara tatu ya waliokuwa wakidhaniwa kuwapo. Hatari haijakwisha, kwani wako wanaoishi nje ya hifadhi, lakini aila za Kiislamu za Unguja, zinazolima na kusali kandokando ya msitu ule, zimeonyesha kwamba jirani wa namna hii anaweza kuvumiliwa pakiwa na haki.

Hapa kwetu Diani nako, mbega weusi kwa weupe, ambao ni binamu wa mbali, walikuwa wakigongwa na magari walipovuka barabara ya pwani. Wahifadhi wakatunga madaraja ya kamba na vipande vya mpira juu ya barabara, na kima wakayazoea. Mtoto aliyepanda matatu kwenda Ukunda huenda amewahi kuyaona juu ya kichwa chake bila ya kujua ni ya nani.

Nini kiko mikononi mwetu

Tumekwisha kusema kwamba mkono wetu umo katika jambo hili. Basi na uwemo kwa wema pia.

La kwanza ni mkindu. Vikundi vya akina mama wanaosuka mikeka na vikapu vina uwezo kuliko wanavyojidhania. Kikundi kikikubaliana kuchuma kwa zamu, jani moja na kuacha, na kupanda tungu mpya penye majimaji karibu na nyumbani, kitakuwa kimejihakikishia kazi ya miaka ijayo na kuuondolea msitu mzigo. Mkindu huota kwa mbegu na kwa machipukizi yanayotolewa pembeni mwa kishada. Haudai fedha, wadai subira. Nasi tununuao tumwulize muuzaji ukindu wake umetoka wapi. Swali hilo likiulizwa na wanunuzi wengi, litafika hadi kwa mchumaji.

La pili ni maji. Kwa miaka mingi pamekuwa na mpango wa kujenga bwawa jingine kubwa mno kwenye Tana, linalojulikana kwa jina la High Grand Falls. Wataalamu wa mito wanasema iwezekane, bwawa linapojengwa, kuachilia maji mengi kwa makusudi nyakati za masika na vuli ili mto wa chini upate mafuriko yake ya kawaida. Ni haki ya wananchi wa pwani kuwauliza wawakilishi wao, wa kaunti na wa bunge, kama mafuriko hayo yamo katika hesabu. Tangu mwaka 2012 delta ya Tana imo katika orodha ya kimataifa ya maeneo oevu yenye umuhimu, kwa hiyo swali hilo lina pa kusimamia.

La tatu ni watoto. Mtoto wa pwani hufundishwa kumtupia kima jiwe kabla ya kufundishwa jina lake. Tuwaeleze kwamba kima huyu si tumbili mwizi wa embe, na kwamba hata tumbili ana hesabu yake mbele ya aliyemwumba. Tuwakataze kumlisha mbega mkate na biskuti, kwani kwa tumbo lake huo si ukarimu. Na asifugwe kima nyumbani kwa mnyororo, kwa sababu sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 yakataza, na kwa sababu mnyama aliyeumbwa kuishi na kundi hateseki kidogo anapofungwa peke yake uani.

La mwisho lawahusu ndugu zetu wa Tana wenyewe, Wapokomo, Waorma, Wamunyoyaya na wengineo, ambao baadhi yao hupata jarida hili kila juma. Nyinyi ndio mliokaa na kima hawa kwa vizazi vyote hivi, na kama wangali hai leo ni kwa sababu wazee wenu waliacha miti ikasimama. Tumekuwa tukila embe zenu, tukilalia mikeka, tukiwasha taa kwa maji yenu, na tulipowakumbuka tuliwakumbuka kwa habari za njaa, mafuriko na vita tu. Deni hilo twalikiri.

Masika yakija, in sha Allah, mto utapanda tena. Msomaji atakapoutandika mkeka wake uani jioni moja, na awahadithie watoto habari za waungwana wawili wa Mto Tana, mmoja mwenye kilemba chekundu na mmoja mwenye kofia, ambao usiku ule ule watakuwa wamelala juu ya mikuyu, mkono wa mama umemkumbatia mtoto mmoja, wakingojea alfajiri dume apige mlio wake.